Nilivyochacha mpaka nikawa mkulima wa uani, Mabibo

Wiki hii sikupeleki Bagamoyo wala Unguja. Nauli sina. Safari yetu inaanzia kwenye kibaraza cha nyumba ninayopanga hapa Mabibo, inapita koridoni katikati ya vyumba sita, inatokea uani na kuishia kwenye ukuta wa choo. Ni hatua thelathini na mbili, nimezihesabu. Usicheke. Ndani ya hatua hizo nimeona makubwa kuliko niliyoyaona siku niliyopanda boti kwenda Zanzibar, ambayo nilitapika njia nzima na hata bahari yenyewe sikuiona.

Nyumba ni ile ya Kiswahili ambayo kila mtoto wa Dar anaijua. Vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, mlango wa mbele unatazamana na mlango wa uani. Huko uani ndiko kuna bomba, bafu, choo, majiko ya mkaa, kamba za nguo na umbea wote wa mtaa. Mimi niko chumba cha mwisho kulia. Kodi elfu hamsini kwa mwezi, na unalipa miezi sita kwa mpigo, huna huo mshiko unafungasha virago.

Mwaka jana duka la steshenari nililokuwa nauza lilifungwa. Nikabaki na makala haya ya kuandika, ambayo unalipwa yakitoka, na hayatoki kila wiki. Basi bwana, nikiwa nimechacha namna hiyo, mama akamleta mdogo wangu wa mwisho aje asome sekondari huku mjini. Aliniambia kwa simu, "Ni mdogo wako mwanangu, mtakula hicho hicho kidogo kidogo." Dogo ana miaka kumi na nne, na nawaambieni wasomaji wangu, yule mtoto hali kidogo kidogo.

Tukafika mahali ambapo nauli yake ndiyo inanunua mboga. Mwanafunzi kwenye daladala analipa mia mbili, kwenda na kurudi mia nne. Sio hela, utasema. Kwangu ilikuwa hela. Dogo akaanza kutembea kwenda shule, anatoka alfajiri giza halijaisha, jioni anarudi mashavu yamenyauka. Siku moja nikaona soli ya kiatu chake ameifunga kwa mpira wa tairi. Hakuniambia kitu na mimi sikumwuliza. Usiku nikachukua daftari nikaandika kila senti iliyotoka wiki ile.

Ngoja niwasomee. Mboga za majani siku tano, jero kwa siku, 2,500. Siku mbili nyingine tulikula maharage. Mchaichai wa kutia kwenye chai, kwa sababu majani ya chai nayo yalikuwa yakiisha, mara nne kwa mia mbili mbili, 800. Pilipili ya mia kila siku, maana bila pilipili dogo haoni ladha, 700. Giligilani na vitunguu majani mara tatu, 600. Jumla 4,600. Nikaitazama ile hesabu mpaka macho yakauma. Yaani karibu nusu ya hela ilikuwa inakwenda kwenye majani ya kunukia! Nyasi! Mchaichai ni nyasi jamani, ng'ombe akiachiwa anautafuna, na mimi nilikuwa naununua kwa mia mbili kila ninapotaka chai.

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na hapo hapo aibu nayo ikaja. Kijana wa mjini, kidato cha nne nimemaliza, niinamie matuta? Kijiweni kwetu mtu akisema "kwenda kulima" ujue anakutukana. Kuna wazee wanaokumbuka mwaka 1983, enzi za Nguvu Kazi, vijana wasio na ajira walivyokuwa wakikamatwa mitaani na kupandishwa magari kwenda vijijini kushika jembe. Nadhani hofu ile tumeirithi hata sisi ambao hatukuwa tumezaliwa. Lakini wazee hao hao ndio wanaosimulia kwamba miaka ile ile ya dhiki, sukari ya foleni na sabuni ya kugawana, mabosi wa wizarani walikuwa na mihogo uani na kuku bafuni. Serikali yenyewe ilikubali mambo, kwani kanuni za mipango miji za mwaka 1992 ziliruhusu kulima mjini ilimradi mtu asizidishe eka tatu, na ukifuga ng'ombe wa ndani wasizidi wanne. Mimi nilikuwa nafikiria madumu kumi na moja. Nikaona sheria naweza kuiheshimu.

Kujua sasa ndiyo kasheshe. Kwetu nimelima mahindi ya kulazimishwa, bustani sijui. Nikaamua kuwafuata wenyewe, wale wanaotulisha mchicha jiji zima. Jumamosi moja nikashuka kwa miguu mpaka Kigogo, bonde la Msimbazi.

Kama hujawahi kufika, nenda asubuhi. Unatoka kwenye vumbi na honi, unateremka kidogo tu, mara unakuta kijani kitupu, matuta yamenyooka kama yamepigwa rula, watu wanamwagilia kwa keni mbili mbili, mkono huu na mkono huu, wanakwenda mwendo wa haraka kama wanacheza. Mbele yako wanawake wameshainama wanafunga mafungu ya kupeleka sokoni. Ukisimama hapo unaweza kusahau kwamba uko Dar.

Halafu upepo unageuka na unakumbuka. Mto huu unatoka vilima vya Pugu kule Kisarawe, unakatiza jiji lote mpaka baharini pale Selander, na njia nzima unapokea kila tunachotupa, maji ya viwanda, ya vyoo, ya gereji. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga zinazolimwa kando ya mto Sinza na Msimbazi, wakakuta ndani yake metali nzito, risasi na kadimiamu zikiwemo. Metali hizo hazitoki kwa kuosha mboga wala kwa kuichemsha. Mto wenyewe ukikasirika nao hauna utani. Desemba 2011 ulifurika, mafuriko ya jiji yale yakaua watu wapatao 40, na waliopoteza makazi wakapelekwa Mabwepande. Siku hizi nyumba nyingi za kule chini Jangwani zimebomolewa, wenyewe wamelipwa fidia, kupisha mradi wa kulitengeneza bonde.

Nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye keni lake lililopinduliwa, anavuta pumzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Unataka mafungu mangapi?"

Nikamweleza kwamba sitaki mafungu, nataka elimu. Alinitazama kuanzia raba mpaka kofia. Nikamweleza na habari ya dogo. Hapo akasogea, akanipa nafasi kwenye kivuli.

Nikawa na swali lililonikaa kooni, nikalitoa kwa adabu nilivyoweza. "Samahani mzee, na nyinyi wenyewe mnazila hizi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Tunakula kila siku. Tungekuwa tunakufa ungeyaona makaburi hapa." Kisha akaacha kucheka, akatazama yale maji. "Lakini wewe una bomba, siyo? Basi mwagilia ya bomba. Mimi ningekuwa nalo nisingechota huku."

Jibu hilo nimelitafakari sana. Sijaja kuwachongea wakulima wa bondeni, wanatafuta riziki kama mimi, na wengi wamesomesha watoto kwa mchicha. Ila tangu siku ile nikinunua fungu sokoni namwuliza mama muuzaji limetoka wapi. Huwa anasema limetoka shamba.

Yule mzee alinifundisha kwa saa moja mambo ambayo shuleni hatukufundishwa kwa miaka minne. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama vumbi, ukiimwaga hivi hivi inaangukia mahali pamoja, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu kwanza ndipo uinyunyize, ufunike kwa udongo mwembamba tu. Samadi ya kuku mbichi inaunguza, iache ikae mpaka isiwe na joto wala harufu kali. Udongo wa Dar ni mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio, bila samadi na mboji utamwagilia mpaka uzeeke. Usitumie ndoo za rangi wala madumu ya dawa, tafuta ya mafuta ya kupikia, na toboa chini. Mchicha usiung'oe, ukate juu ya majani ya chini, utachipua tena mara mbili tatu kabla haujakomaa. Na matembele hayataki mbegu wala shule, kata shina lenye fundo tatu nne, lichomeke, basi. Akanipa miche miwili ya pilipili imefungwa kwenye jani la mgomba. Nikataka kumlipa akakataa, akasema nikivuna nimpelekee dogo salamu.

Madumu nilipata kwa wauza chipsi, yaliyopasuka, mia tano mmoja, kumi na moja 5,500. Nikayakata kwa kisu nilichokichoma moto. Samadi ya mbuzi viroba viwili 4,000. Mbegu nilizifuata Kariakoo, maduka ya pembejeo yaliyo jirani na lile soko kubwa alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Zikanila 3,000, mchicha na chainizi. Jumla 12,500. Takataka za majani ya migomba nilizoa bure hapa hapa Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, wanashukuru ukiwapunguzia. Nikazirundika pembeni zioze. Vingine sikununua. Mchaichai nilimega shina lenye mizizi kwa mama mmoja wa mtaa wa pili. Mnanaa wa sokoni nikauweka kwenye glasi ya maji, baada ya siku kumi hivi ukaota mizizi. Vitunguu ninavyopikia, kile kitako cha chini chenye mizizi sikitupi tena, nakichomeka, kinatoa majani.

Sasa usidhani mambo yalinyooka. Mbegu za mchicha za kwanza zilibebwa zote na sisimizi, niliwakuta wamepanga foleni kama wako benki. Mara ya pili nikazungushia majivu, zikaota, nikafurahi, asubuhi kuku wa jirani wakafanya sherehe. Mara ya tatu nikafunika kwa chandarua kibovu, zikaota vizuri kabisa, kisha mimi mwenyewe nikaziua. Niliona uchungu kumwaga maji ya kufulia, nikamwagilia mfuo wenyewe wenye sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha. Siku ya tatu majani yote yakawa njano kama yana homa ya manjano. Washikaji wa kijiweni wakaniita Bwana Shamba, na jina hilo limenikaa mpaka leo, hata konda mmoja wa daladala analijua.

Kimbembe chenyewe kilikuja na bili ya maji. Bomba letu ni moja, mita moja, tunagawana kwa vyumba. Mwezi ule bili ilipanda. Mama wa chumba cha pili kushoto, mwenye watoto wanne na anayefua kila siku, akasimama uani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba yeye hawezi kulipia maji ya mchicha wa mtu. Kweli nilikuwa natumia madumu mawili kwa siku, jioni na asubuhi, kutoka bombani. Nilikuwa najidanganya kwamba ni kidogo.

Kikao kikawekwa kibarazani, Ijumaa baada ya magharibi. Mwenye nyumba wetu ni bibi mtu mzima, haongei sana. Aliwasikiliza wote, akajitanda kanga yake vizuri, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimekupangisha chumba. Shamba sikukupangisha."

Watu wakacheka. Mimi nikaona miezi yangu sita inaishia hapo. Halafu akaongeza jambo ambalo lilinishtua zaidi, kwamba yale mabakuli niliyoyaweka chini ya madumu kukinga maji yanazalisha mbu. Na alikuwa sahihi bibi yule. Dar imeshasumbuliwa na homa ya dengue, mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wake ni yule anayependa vikopo na mataili yenye maji kuzunguka nyumba, anauma mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimemfugia mbu mabakuli kumi na moja, tena karibu na chumba chenye watoto wanne.

Nikaomba radhi, sikutafuta maneno. Nikasema, "Shikamoo bibi, nimekosa. Naomba mwezi mmoja. Mabakuli nayatoa leo, na maji ya bomba sitagusa hata kikombe." Bibi akakaa kimya kidogo. Akasema mwezi mmoja, siyo miwili.

Bila bomba utamwagilia nini? Hapo ndipo nilipojifunza uani ni kitu gani. Nyumba ya vyumba sita inamwaga maji mazuri kutwa nzima. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kuloweka maharage, na suuzo la mwisho la nguo ambalo halina povu. Nikaweka ndoo moja karibu na karo, nikaomba kila mtu amwage humo badala ya kwenye mfereji. Wa kwanza kumwaga alikuwa dada muuza vitumbua wa chumba cha mbele, yeye huosha mchele kila siku wa kutosha tuta zima. Nikatandaza majani makavu ya migomba juu ya udongo ili jua lisinywe maji yote. Nikamwagilia jioni peke yake, jua likizama. Ndoo mbili zikawa zinatosha na chenji inabaki.

Na yule mama wa chumba cha pili? Kama wiki tatu baadaye alinigongea usiku, mtoto anakohoa, anaomba majani ya mchaichai amchemshie. Nikamwambia akate mwenyewe, asiombe tena. Siku hizi anakata bila kuomba, na wakati mwingine anakata mengi mno, lakini suuzo lake la nguo za watoto wanne ndilo linalolisha matembele yangu, kwa hiyo sisemi kitu.

Narudi kwenye daftari, maana ndiko tulikoanzia. Mchicha ulianza kuvunwa wiki ya nne, matembele mwezi, pilipili zikachukua zaidi ya miezi miwili tangu nizipande. Sasa hivi mboga nanunua siku mbili tu kwa wiki, kwa hiyo nimeokoa 1,500. Kwenye viungo nanunua giligilani ya mia mbili tu, kwa sababu yangu kila nikiipanda joto la Dar linaifanya itoe maua kabla sijala, na sijajua dawa yake zaidi ya kuipa kivuli na kungoja miezi ya Juni na Julai. Huko nimeokoa 1,900. Jumla 3,400 kwa wiki. Umeona? Viungo viko kwenye madumu manne tu, mboga madumu saba pamoja na tuta la matembele ukutani, lakini viungo ndivyo vinaniokolea zaidi. Kama una dirisha moja tu ghorofani, msomaji wangu, achana na mchicha, panda mchaichai, mnanaa na pilipili. Mchicha wa dumu moja ni mlo mmoja, halafu unangoja.

Kwa mwezi inafika 13,600. Haifiki theluthi ya kodi yangu, kwa hiyo anayekuambia atatajirika kwa madumu ya uani anakuzuga. Lakini nauli ya dogo kwa wiki ni 2,000. Inatoka yote humo na inabaki 1,400, na kiatu tulishakishonesha. Sasa anapanda daladala. Jumapili ndiye anayemwagilia, huku analalamika kwamba shuleni wamemwita Mtoto wa Bwana Shamba.

Mwezi wa majaribio ulipita, bibi hakusema ndiyo wala hapana. Juzi nilirudi nikakuta tofali mia tatu zimepangwa uani, karibu na ukuta wa choo. Fundi alikuwa anapima kwa kamba. Bibi anataka kuongeza vyumba viwili, na nani atamlaumu, chumba ni elfu hamsini na mchaichai ni bure. Nikamuuliza lini. Akasema baada ya masika, matofali yakikauka. Kisha akaniambia nimtengee dumu moja la mnanaa aweke mlangoni kwake.

Madumu yanabebeka, yote kumi na moja yanaenea kwenye guta moja, nimeshaulizia bei. Tuta la matembele ndilo halibebeki. Ukuta wa mbele, chini ya dirisha langu, una upana wa hatua nne na jua la asubuhi. Nimempa dogo kazi ya kuchora. Na kabla fundi hajaanza nitakuwa nimeyakata mashina yote ya matembele, kwa hiyo wewe uliye Mabibo, Manzese au Kigogo na unayataka, njoo uani na kiroba chako Jumamosi, uliza kwa Bwana Shamba. Wanamjua.